Albamu ya Pili ya Rahma

Alhamisi, baada ya magharibi

Upuuzi mtupu. Sina neno jingine kwa albamu ya pili ya mjukuu wangu Rahma na bendi yake ya muziki wa metali ya viwandani.

Ya kwanza waliirekodi katika karakana ya kuchomelea vyuma, Mtoni: nyundo, msumeno wa chuma, magitaa yakinguruma. Hii mpya imejaa fidla za kubembelezea watalii hotelini.

Leo alikuja kuniuliza: "Hii umeipenda, Babu, eti? Si ulisema ile makelele ya mafundi bati?"

Ni kweli niliyasema hayo, barazani, watu wakamcheka mpaka akaondoka.

Nilikuwa mwongo. Ile albamu niliisikiliza kila siku, mlango nimeufunga, kwa wivu wa ujasiri wake. Zamani kikundi chetu cha taarab kilimfukuza mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, tukanunua kinanda cha umeme, kwa kuwa wenye harusi walitaka kucheza. Wa kwanza kunyoosha mkono kukubali afukuzwe nilikuwa mimi.

Kifua hiki hakinipi muda, kwa hiyo leo nimemwambia yote.

Akanitazama sana. "Miaka miwili, Babu, nnatengeneza muziki wa kukuridhisha wewe."

Akatoka bila ya kunibusu mkono.