Dawa Ndani ya Saa

Tarehe 3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vidole vina malengelenge. Wiki hii tunachomelea ubavu wa meli kutoka ndani, na joto humo halina adabu. Vipi wewe? Mgongo? Na hasa jicho la kushoto?

Shangazi ameniambia kwa simu kwamba daktari wa macho amekuta presha ya jicho lako imepanda tena. Kasema jicho likiendelea hivyo, hata lenzi ya kutazamia saa hutaihitaji, maana hutaona cha kutazama. Kwa nini nayasikia haya kwa Shangazi?

Niambie ukweli: ile dawa ya matone unaiweka wapi? Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi, Baba. Yote.

Binti yako

Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha kila asubuhi kwamba upo. Pole na malengelenge. Yapake mafuta, usiyatumbue.

Shangazi yako angezaliwa redio tungeokoa betri nyingi. Ni kweli, presha imepanda. Dawa naitia kila usiku kama nilivyoagizwa, sasa sijui jicho linataka niliimbie.

Dawa iko mezani pangu pa kazi, karibu na mkono, hapo dirishani penye mwanga. Fundi huweka kila kitu pale mkono unapofika. Karatasi nimeisoma. Imeandikwa niiweke mbali na watoto. Hilo nimelitimiza kupita kiasi: mtoto wangu ni wewe, na uko mbali kuliko ninavyotaka.

Usihangaike. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Baba yako

Tarehe 24 Machi

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine utazipata nikishapoa.

Wahenga hawakuwa mafundi saa! Ukifa macho, huo moyo utautia lenzi?

Dirishani jua linaingia tangu asubuhi mpaka mchana. Nimemuuliza muuguzi wa hapa kazini. Anasema dawa ya macho ikipigwa jua na joto huharibika, na kwa macho huwezi kujua, maana inabaki maji yale yale. Kwa hiyo labda unatia maji ya bure kila usiku na kushangaa presha haishuki. Iweke mahali pasipo jua wala joto, ndani ya boksi lake, imesimama, kifuniko kimefungwa. Usiigandishe kwenye friji. Na ikishafunguliwa mwezi mmoja, itupe hata kama imebaki.

Halafu hapo mezani kuna chupa ya mafuta ya saa. Ndogo vile vile. Nyeupe vile vile. Naomba, Baba.

Kama kipimo kijacho kitakuwa kibaya, nakuja kufunga duka mwenyewe na kukuhamishia huku, nitakupangia chumba. Sitanii.

Binti yako

Tarehe 9 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na zile salamu ulizoninyima nazipokea kwa nguvu. Natumaini u mzima.

Najua nimekaa kimya. Nilinuna. Mtu umemfundisha kushika bisibisi, leo anakufundisha kushika chupa! Nikaiacha dawa pale pale, makusudi. Sasa sikiliza, na ukitaka kucheka cheka.

Juzi mwalimu mstaafu, yule wa mwavuli, alirudisha saa yake. "Fundi, ulinitengenezea ikatembea vizuri, sasa imegoma kabisa." Nikaifungua. Ndani kutu, mwanangu! Kutu kwenye saa niliyoisafisha kwa mikono yangu mwenyewe. Nikafikiri labda mzee ameoga nayo. Akaapa kwamba hata mvua haijaionja. Nikageukia kile kikombe changu kidogo ninachochovya sindano ya kutilia mafuta. Nikakigusa. Hakitelezi. Maji.

Nilikuwa nimejaza kikombe kwa dawa ya macho. Nimeitibu saa ya mwalimu presha.

Nilicheka peke yangu mpaka mwalimu akauliza kama niko salama. Kisha kicheko kikakatika. Kama dawa imeingia kwenye saa, siku nyingine mafuta yangeingia kwenye jicho. Nikakaa kitini. Niliogopa, mwanangu. Sijaogopa hivyo tangu mama yako alipolazwa.

Ulisema kweli. Saa ya mwalimu nimeibadilisha vyuma, inatembea. Dawa ile nimeitupa na kuchukua mpya, na nimepata mahali pa kuiweka. Unaikumbuka saa kubwa ya ukutani ya mama yako, iliyokufa mashine? Nimeitoa matumbo yote, nikatengeneza kirafu ndani. Chupa inasimama humo ndani ya boksi lake, gizani, mlango una ufunguo. Nimeitundika ukumbini, pasipo jua wala moshi wa jiko, juu ambapo watoto wa jirani hawafiki. Juu ya boksi nimeandika siku niliyoifungua. Mishale nimeikaza kwenye saa tatu, saa yangu ya kutia dawa.

Wateja wananicheka: fundi saa, saa yake imesimama! Nawaambia hiyo ndiyo inayofanya kazi kuliko zote.

Kipimo ni mwishoni mwa mwezi ujao. Kikiwa kibaya, njoo ufunge duka. Sitabisha.

Baba yako

Tarehe 18 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimesoma barua yako wakati wa mapumziko, nikacheka, nikalia, msimamizi akadhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, baba yangu ametibu saa presha.

Ahsante kwa kunisikia. Najua haikuwa rahisi.

Sasa na mimi nina langu, kabla Shangazi hajalipata. Moshi wa kuchomelea umenikausha macho. Nimepewa dawa ya matone. Leo muuguzi ameuliza naiweka wapi, nikachomoa chupa kutoka mfuko wa ovaroli. Ilikuwa na vumbi la chuma, kifuniko sijui kilidondoka wapi, na ilikuwa moto kama chai. Ameitupa pipani. Nimepewa nyingine, na sijui hata niiweke wapi kwenye bweni la watu wanane.

Usiseme kitu.

Binti yako

Tarehe 2 Julai

Mwanangu,

Marahaba!

Sisemi kitu. Nasema tu mganga hajigangi, na mkuki kwa nguruwe. Basi, nimemaliza. Macho yanaendeleaje?

Mimi nilikwenda kupima. Daktari akapima, akapima tena. Nikajua kwisha habari, nikaanza kuhesabu vya kufungasha: lenzi, sindano, picha ya mama yako. Akaniuliza, "Mzee, umebadilisha dawa?" Nikamwambia dawa ni ile ile, nimebadilisha nyumba yake. Presha imeshuka, mwanangu! Imeshuka mpaka pale wanapopataka! Kilichokwisha potea hakirudi, lakini kilichobaki nitakaa nacho nikiitunza dawa hivi. Nimempa daktari mkono mpaka akaomba nimwachie. Duka liko wazi na litabaki wazi, na nilipotoka pale nilitembea katikati ya barabara kama bwana harusi, hata waliopiga honi niliwapungia.

Kwenye kifurushi hiki utakuta saa ndogo ya mezani. Usiitie ufunguo, haina mashine. Fungua nyuma. Chupa yako itasimama humo vizuri, na funguo za mlango ni mbili, usimpe mtu. Usiiweke karibu na dirisha, wala kwenye ovaroli!

Ndani ya mlango nimekuchongea maneno kwa sindano. Nimechonga kwa kutumia jicho la kushoto tu.

Baba yako

Tarehe 13 Julai

Baba,

Shikamoo. Macho yangu yanapona. Yako nimeyaona kwa macho yangu.

Kifurushi kimefika. Nilifungua mlango wa nyuma, nikaona mkwaruzo tu. Nikasogea kwenye taa. Mkwaruzo. Wenzangu wa bwenini wakajaribu mmoja mmoja, vijana wenye macho mapya kabisa, wakashindwa. Ikabidi twende kuazima kioo cha kukuzia kwa mkaguzi wa viungo vya meli. Akatazama yeye kwanza, akauliza ni mashine gani iliyochonga. Nikasema ni baba yangu, fundi saa. Nilisema kwa sauti, Baba, karakana nzima ikasikia.

Kisha nikasoma mwenyewe, nikaikumbuka ile karatasi yako ya “mbali na watoto”: *Karibu na mwanangu.*

Dawa iko ndani. Nimefunga.

Mwanao