Leo Nalala kwa Mjane

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa dada yangu,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana ukizisoma umesimama utachoka. Hujambo? Goti lako linasemaje? Bado linatabiri mvua kabla ya redio? Na shemeji yangu wa huko, kile kikohozi kimemwachia au bado anakibembeleza? Sisi huku tu wazima. Wanao wanakula na kugombana kama ulivyowaacha. Mkubwa ameshanipita kimo, na sasa anadhani amenipita na akili. Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Kichwa ndicho sikielewi.

Najua hujapata usingizi mzuri tangu siku ile nilipokupigia simu nikasema “niandalie chumba, nakuja,” halafu nikakata. Nisamehe dada. Wifi yangu alikuwa jikoni, na unamjua wifi yangu: ukifikiria tu, ameshasikia. Ndiyo sababu nimeamua kuandika. Kwenye karatasi hakuna wa kudakia maneno.

Ni habari za shemeji yako. Kazi yake unaijua: kuwapeleka wageni jangwani kwa lile gari kubwa linalosukumwa na magurudumu yote manne, wakalale kwenye mahema, waamke watazame miamba. Miamba, dada! Mtu anaacha kitanda chake na bomba lake la maji, anakwenda kulala chini ili aone mawe. Tangu tuoane sijalielewa jambo hilo, ila nilinyamaza kwa sababu kazi ni kazi, na mahema yao yakiharibika zipu nashona mimi. Wenzake wanamwita Mchanga, kwa kuwa popote anapopita anauacha. Kwenye shuka mchanga, kwenye sukari mchanga. Majuzi cherehani yangu ilikwama, fundi akaifungua, akanitazama kana kwamba nimeilisha mimi.

Sasa sikia. Siku moja nilikuwa uani naanika nguo. Shemeji yako na mpishi wao wa kambi, yule mnene wanayemwita Sufuria, walikuwa upande wa pili wa ukuta wanafunga madumu ya maji juu ya gari. Nikamsikia mume wangu kwa masikio yangu haya akisema, “Usiku wa kwanza tunalala kisimani. Wa pili nalala kwa Mjane.”

Sufuria akacheka, akamuuliza kama hachoki naye. Na shemeji yako akajibu kwa sauti laini ambayo mara ya mwisho niliisikia enzi za uchumba, “Nichoke vipi? Namjua kila upande. Jioni ni mzuri, lakini asubuhi, jua likimgusa mabegani, unasahau hata kwenu.”

Shati lililokuwa mkononi nililikamua mpaka kifungo kikaruka.

Nikamwendea wifi, nikitegemea atamtetea kaka yake, japo kwa uongo kidogo wa kunituliza. Akaniambia “Lisemwalo lipo, wifi yangu, kama halipo laja,” akaendelea kumenya vitunguu. Basi ndiyo siku ile niliyokupigia.

Utauliza mbona sikumuuliza mwenyewe. Kuuliza si ujinga, najua. Lakini dada, kuna swali likishatoka mdomoni halirudi. Niliogopa jibu. Nikasema heri nikaone kwa macho yangu. Jioni, tukiwa mezani, nikamwambia kwa sauti kavu kabisa, “Safari hii nakuja.”

Nilitegemea apaliwe. Wallahi nilikuwa nimeshaweka glasi ya maji karibu. Badala yake akainuka, akapiga makofi kama mtoto, “Hatimaye! Miaka yote nakubembeleza! Nitakukutanisha na Mjane. Utampenda!”

Na ni kweli, alikuwa akinibembeleza twende wote, nami kila mara nilimjibu kwamba sare za watu zimenijaa. Lakini hapo sikukumbuka hayo. Nilibaki nimeshika kijiko tu. Mwanaume gani huyu anayemkutanisha mkewe na hawara huku anapiga makofi? Nikafikiri, nikafikiri, nikapata jibu moja: si hawara, ameshamwoa. Napelekwa kutambulishwa kwa mke mwenzangu, na Sufuria ndiye shahidi.

Nikakaa kwenye cherehani nikajishonea gauni la kijani, lenye mkato wa kiunoni. Kama ni kukutana naye, asinikute nimechakaa. Nikatoa na vile viatu vya kisigino ulivyonipa. Kisha nikalijaza begi kubwa nguo zangu zote, na chini kabisa nikaweka mkasi wangu wa kazi. Nia yangu ilikuwa nikitoka huko nisirudi nyumbani, nije moja kwa moja kwako.

Wageni walikuwa wawili, mtu na mkewe, wastaafu, waliokuwa wakishikana mikono kila gari lilipotikisika. Niliwaonea wivu, sikufichi. Lami ilipokwisha tukaingia kwenye mchanga, na shemeji yako akasimama, akashuka, akaanza kuyatoa matairi upepo. Nikadhani tumepata pancha. Akanieleza kwamba tairi likijaa upepo linachimba mchanga na gari linazama, lakini ukipunguza linatanuka na kupita juujuu. Halafu akanitazama, mimi niliyekuwa nimefura tangu asubuhi, akasema, “Na wewe mama watoto punguza upepo kidogo, tusije tukazama.”

Wageni wakacheka. Mimi sikucheka.

Siku ya pili, jua likielekea kushuka, akazima gari mahali peupe pasipo na kitu. “Haya,” akasema, “tumefika kwa Mjane.” Nikashuka. Visigino vyote viwili vikazama. Nikanyoosha gauni, nikaweka uso wangu sawa, nikatafuta nyumba. Nikatafuta moshi, kamba ya nguo, hata kuku. Hakuna! Mchanga mtupu, na jiwe moja refu limesimama peke yake, limeinamisha mabega.

“Yuko wapi?” nikauliza.

“Si huyo?”

“Huyo nani?”

“Huyo hapo mbele yako!”

Nikadhani kajificha nyuma. Nikalizunguka lile jiwe lote na viatu vyangu mkononi, na upande wa pili sikumkuta mtu ila Sufuria ameinama anapigilia vigingi vya hema. Dada, nitakwambia ukweli na usinicheke: kwa nukta moja nilimfikiria hata Sufuria.

Ndipo ikaniingia. Jiwe! Nilimpigia kelele shemeji yako mbele ya wageni na heshima zao. Nikamwambia jiwe husemwa “nalijua,” halisemwi “namjua”! Ungesema “nalijua kila upande, jua likiligusa,” sasa hivi ningekuwa nyumbani kwangu nashona sare! Naye akanijibu, tena kwa mshangao wa kweli, “Sasa Mjane nitamwitaje ‘lile’? Si nitakuwa nimemkosea adabu?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini, gauni la kijani na yote. Na yeye alipoelewa nilichokuwa nimekidhania, akacheka akashika mbavu. Tulicheka pamoja, dada, kitu ambacho hatujafanya siku nyingi. Kisha Sufuria akashusha begi langu, likamponyoka, likafunguka, nguo zote zikamwagika, na mkasi ukaangukia mchangani. Shemeji yako akauokota. Anajua mkasi ule hautoki nyumbani kwangu labda nyumba iungue. Akaupangusa kwa shati lake, akaurudisha mahali pake, akaacha kucheka.

Asubuhi nilitoka hemani kabla ya wengine. Jua likamgusa yule Mjane mabegani, na ni kweli, unasahau kwenu kidogo. Sitaki kumpa shemeji yako raha ya kumwambia, lakini ni kweli. Nikamkuta Sufuria anachemsha chai, nikamuuliza kwa nini madereva waliliita jiwe jina hilo. Akashangaa. Akasema madereva wote wanaliita Kidole. Ni Mchanga peke yake aliyelianza hilo la Mjane, na yeye Sufuria kalizoea kwa sababu ya kufuatana naye.

Haya, nikachanganyikiwa upya. Nikamfuata mwenyewe, nikamkuta amepiga magoti anakagua tairi. Nikamuuliza. Akaniambia bila kuinua uso, “Siku ya kwanza nilipomwona alikuwa peke yake, kainamisha mabega, anatazama barabara. Nikakukumbuka wewe pale dirishani, kwenye cherehani. Nikajisema, yaani mke wangu nimeshamfanya mjane na mimi bado nipo.”

Alisema “nilipomwona.” Safari hii sikumsahihisha.

Dada, nimezunguka jangwa zima kumtafuta mjane, na kumbe mjane ni mimi. Sasa nisaidie, maana umenizidi kuona mambo. Nikasirike? Kuniita mjane naye ana pumzi, huo si uchuro? Au nilie, kwamba kote alikokwenda alikuwa akinikumbuka? Na yale maneno matamu aliyomwambia Sufuria, yalikuwa ya jiwe au yalikuwa yangu? Kama yalikuwa yangu, mbona aliambiwa Sufuria, na mimi nikaambiwa shona zipu? Nalala na maswali haya, naamka nayo, na wifi kila akiniona nazungumza peke yangu anatikisa kichwa.

Tulirudi, lakini begi sikulifungua. Limekaa nyuma ya mlango wa mbele. Shemeji yako kila akipita analikwepa. Kwa sababu dada, jiwe si hawara, sawa, nimekubali. Lakini nyumba tupu ni nyumba tupu. Hawara ningejua pa kuanzia, ningemfuata, ningemtukana, ningekuja kwako nikalia ukanifariji. Jiwe utalishtaki kwa nani? Na leo asubuhi ameondoka tena na wageni, safari hii magari mawili. Alisimama mlangoni akalitazama begi kitambo. Akasema atapiga simu. Basi.

Kwa hiyo nilikaa niandike barua hii nikuombe kile chumba. Ndiyo nia yangu tangu mstari wa kwanza, sema nimezunguka.

Naendelea. Niliacha kidogo nikawashe taa, giza linaingia, na simu imelia hapa hapa juu ya karatasi. Ni yeye. Amesema neno moja tu, “Mama watoto, leo nalala kwa Mjane,” akakata.

Ananiambia mimi! Baada ya yote hayo! Kalamu imetoboa karatasi, utaona. Dada, tandika kitanda, nakuja na basi la kesho, na mkasi wangu nakuja na

Ngoja. Kuna honi getini.

Nimerudi. Sijui hata nianzie wapi. Nilichungulia dirishani nikaona gari lake limejaa vumbi mpaka halina rangi, na matairi yote manne yamelala. Dereva mzima, na umri wake huu, amepita lami yote bila kurudisha upepo! Amefika hadi kwenye mchanga, akawahamishia wageni kwenye gari la mwenzake, akageuza. Amesimama mlangoni na mchanga kichwani, ananiangalia hapa nilipo, kwenye cherehani, dirishani.

“Si nilikwambia nalala kwa Mjane?” akasema. “Hukunisikia?”

Wifi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akarudi jikoni bila methali. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Kesho atalala wapi sijui, dada. Hajasema kama ameacha kazi au ameomba ruhusa, na mimi bado ni yuleyule, naogopa kuuliza. Alilichukua begi nyuma ya mlango akalipeleka chumbani. Sikumzuia, wala sikumsaidia kulibeba. Kile chumba chako usikitandike, lakini usimpe mtu bado. Kwa leo tu ninajua mume wangu analala wapi.

Nisalimie sana shemeji, mwambie anywe dawa aache ubishi. Msalimie mama mdogo, na yule mpwa wangu Kifimbo, mwambie suruali yake iko tayari kama bado hajarefuka tena. Majirani zako walionikarimu mwaka ule, wote wape mkono wangu. Mungu akulinde, alilainishe goti lako, na akupe usingizi leo kuliko nilivyokunyima mimi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Mjane, ambaye mumewe yuko uani anajaza matairi upepo.