Mustari wa Mukono wa Kuume

Yaya Zaina, dada yangu mukubwa, amani ikukute hapo Kasongo pamoja na watoto.

Hapa Kampala mvua haikatiki. Operesheni ya shingo ya bwana yako imeisha salama. Walimufunga nyuzi za umeme mikononi na miguuni, ili mashini ionyeshe kama mishipa ya fahamu iko inafanya kazi wakati wanapasua. Munganga ananiambia kwenye mashini mustari wa mukono wa kuume ulikuwa umelala hata mbele ya kisu kugusa, maana mishipa yake ilikuwa imekwisha kuumia. Akauliza: "Alipoanguka mu shimo la dhahabu, mulimubeba namna gani?"



Yaya, ni mimi nilimukalisha kwenye pikipiki toka shimo la Salamabila, katikati yangu na shofere, shingo ikitikisika njia nzima. Ulinisifu kwa mbio zile.

Leo namulisha wali, naye anaambia wagonjwa wenzake: "Shemeji huyu ndiye aliniokoa."

Unikumbatilie watoto. Unisamehe wewe kwanza, ndipo nipate nguvu ya kumuambia yeye ukweli wa mukono wake.

Ndugu yako, Musafiri