Nilimpisha Mtu wa Mapipa

Denise, cheka tu, mwenyewe nimeshajicheka.

Leo nimeenda kumwona mbunge pale maktaba, siku yake ya kusikiliza wananchi, kuhusu kaka yangu Craig. Unajua nilivyoapa. Ningemuuliza: kifungo hiki kisicho na ukomo wala tarehe ya kutoka mlikifuta 2012, mbona waliokwisha kufungwa mmewaacha humo humo? Craig aliambiwa baada ya miaka miwili tu anaweza kuachiwa, sasa ni mwaka wa kumi na nane!

Zamu yangu ikafika. Nyuma yangu kuna mzee anafoka, mapipa yake ya taka hayajazolewa. Na mimi, Mwingereza wa kuomba radhi hata nikikanyagwa: "Samahani, tangulia wewe."

TANGULIA WEWE, Denise!

Alipotoka, msaidizi akafunga mlango. "Muda umeisha, mama." Nikasema, "Samahani kwa usumbufu. Asante sana."

Nimeuomba radhi MLANGO.

Craig akapiga simu kutoka gerezani, nikamwambia yote. Alivyocheka! "Dada, miaka yote hii nangoja, wewe unampisha mtu wa mapipa? Haya, kajibiwaje?"

Nikamwambia yatazolewa Jumanne.

Naye akasema:

"Duh. Mapipa yamepewa tarehe."