Nyama Haina Kibali

Dodoma, Jumatano asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na yule jogoo mkorofi bado anakufukuza uani? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umekataa kutulia, na sababu nakuandikia kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Barua anaileta Mwalimu Nyangi wa Nyamisangura, anayerudi leo kwa basi. Simu yako anaishika Baba, na jana aliponisikia alinikatia.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikababaika. Ni hivi. Maafisa mifugo wanatembea na simu, huko porini hakuna kompyuta. Sisi tunawachorea kwenye simu hizo kila boma liwe kidoti, na kila safari ya ng'ombe kutoka boma hadi boma iwe mstari. Ukigusa kidoti kimoja mistari yake yote inawaka, unaona ng'ombe walitoka wapi na wamekwenda kwa nani. Ugumu ni kuiingiza wilaya nzima kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja bila kugeuka utando wa buibui. Nilikuwa najisifu sana, Mama. Niliwaambia wenzangu hakuna ng'ombe atakayepita bila kuonekana.

Jumatatu kidoti kimoja cha Machochwe kiligeuka chekundu. Kimeta. Ng'ombe watatu wamekufa ghafla, damu ikiwatoka puani. Nilipogusa nisome jina, nikakuta ni boma la Mwita, rafiki yake Baba, yule anayemtunzia ng'ombe.

Desturi yetu unaijua. Baba husema ng'ombe wote wakilala boma moja, wezi wakija utabaki na kamba. Kwa hiyo ng'ombe wake wanne wako kwa Mwita, na kwenye orodha wameandikwa ni wa Mwita, maana aliyekabidhiwa mifugo hatangazi ni ya nani. Na wiki iliyopita Baba alipomrudisha yule dume mwekundu nyumbani, alimswaga kwa njia za ndani, hakuomba kibali cha kuhamisha mifugo.

Hakuna kibali, hakuna mstari. Boma letu kwenye simu yangu lilikuwa la kijani, limetulia peke yake, utadhani hatujuani na mtu yeyote duniani. Kile kijani kilinitisha kuliko chekundu.

Maana Jumapili uliniambia yule dume alianguka ghafla, mkamuwahi kwa kisu kabla hajakata roho, nyama ikagawiwa ukoo mzima. Nami nikacheka, nikasema mniwekee mkia! Nikikumbuka natamani kujipiga kofi.

Jana nilimweleza Baba. Akasema, "We Wankuru, hiyo simu imekuwa mganga siku hizi? Ng'ombe alikula majani mabichi, akavimba, basi."

Nikamwambia, "Tata, watu watakufa."

"Na ukiniletea watu wa serikali wafunge boma, mahari ya Chacha itatoka wapi? Mwezi huu tunapeleka ng'ombe ukweni." Hapo ndipo alipokata.

Namwelewa. Kaka Chacha amesubiri sana. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kimeta hakingoji harusi. Leo asubuhi niliweka kidole Machochwe, nikakivuta hadi nyumbani, nikauchora ule mstari mwenyewe. Kidoti chetu kikawa chekundu mbele ya macho yangu. Nililia, Mama. Maafisa watafika, pengine kabla ya barua hii. Baba akiuliza nani kawaita, usinifichie, mwambie ni mimi. Hata akinikataza kukanyaga kwake, sawa.

Waonyeshe alipochinjiwa yule dume. Nyama iliyobaki, hata iliyokaushwa, isiliwe wala wasipewe mbwa.

Ila simu yangu inaishia kwenye boma letu. Nyama haina kibali, haiachi mstari ikitoka jikoni. Ilikokwenda unajua wewe tu. Ndiyo maana salamu zangu leo si za kawaida: kila atakayefikiwa nazo aende hospitali siku hiyo hiyo, aseme alikula au alishika nyama ya ng'ombe mgonjwa, hata kama anajisikia mzima.

Nisalimie Bibi, mama yake Baba, ambaye najua alipewa supu. Nisalimie Shangazi Robhi wa Matongo, aliyepelekewa mguu kwa bodaboda. Nisalimie wifi, mke wa kaka mkubwa, pamoja na wanawe waliochomewa ini. Nisalimie Chacha aliyechuna ngozi, na umkague mikono mpaka kwenye viwiko kama ina vipele, maana kimeta huingilia kwenye ngozi. Kama kuna mtu nimemsahau, mkumbuke wewe, maana huyo ndiye ninayemwogopea zaidi.

Nimeandika mikono ya Chacha, kalamu ikasimama. Jumapili, wakati tunaagana, ulisema una kipele kidoleni, kinawasha ila hakiumi, na katikati kimeanza kuwa cheusi. Nami nikakwambia upake mafuta.

Mama, weka barua chini. Vaa viatu uende.

Mwanao,
Wankuru