Baba Anatazama Upande Mmoja

Jumatatu, baada ya magharibi

Leo gari imesimama shubiri moja tu na goti la Baba.

Njia ya mbele ya nyumba yetu hapa Chake, gari zilikuwa zikitoka upande wa sokoni tu. Tangu wiki iliyopita wameifungua, zinatoka pande zote mbili. Baba bado anatazama sokoni, akiona hakuna gari anavuka kwenda msikitini. Baba kamnyanyulia dereva bakora: "Weye! Gari hazitoki huko!"

Siku sita namfundisha. Namshika kidevu namgeuza, huku na huku. "Haya, bibie," anajibu, maana jina langu halimo tena kichwani mwake. Asubuhi hana habari. Nikimfungia mlango, adhana ikilia naye analia. Na kesho adhuhuri nipo darasani, nani ata…

Zamani njia hii ilipofanywa ya upande mmoja, akili zake zikiwa bado timamu, ni mimi niliyesimama naye barazani mwezi mzima: "Baba, tazama sokoni tu, huko kwengine usihangaike."

Yarabi, kasahau kila kitu. Hilo langu ndilo alilolishika.