Taa Zilizoachwa Zikiwaka

Mdogo wangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mkwe wangu amepaka jiko rangi, na wajukuu wamemaliza mitihani.

Kinachonisumbua ni gari. Wiki hii limegoma kuwaka mara tatu. Nikizungusha ufunguo linalia tik-tik tu, halafu taa za dashibodi zinafifia. Fundi alikuja akaliwasha kwa kuunganisha nyaya na gari lake, kisha akapima betri.

"Mzee, betri imeishiwa nguvu, lakini si mbovu," alisema. "Kuna mtu anaacha taa zinawaka."

Niliwagombeza wote nyumbani, hata mkwe wangu, ambaye hata kuligusa hajaligusa. Jana mchana jirani akanigongea mlango.

"Taa zako zinawaka tena," alisema. "Juzi pia nilikuja kukwambia, ukanishukuru."

Nilimshukuru tena, nikafunga mlango. Mdogo wangu, sikumbuki kabisa kama juzi alikuja.

Ufunguo nimempa mkwe wangu. Nimemwambia macho yangu hayaoni vizuri, na wajukuu nawapeleka shule kwa miguu.

Wewe ndiye uliyekaa na mama mpaka akawa hatujui sisi wanawe. Mimi nilikuwa mbali. Yeye alianza na nini? Usinipigie simu, watasikia. Niandikie.

Na kama haya nilishakuandikia, usinifiche.

Ni mimi kaka yako, ninayekutegemea.